Mbili, Moja, Nne

Volvo ya Hjördis ni ya mwaka themanini na tisa,
rangi yake zamani ilikuwa buluu.
Huzimika ikishapata joto,
bila kikohozi, bila moshi,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
na kila mara ni palepale, mbele ya kiwanda cha mbao,
barabara ya kwenda Pajala,
baridi digrii ishirini na sita chini ya sifuri.

Mimi ni mpangaji wake wa chumba cha juu.
Kazi yangu ni kushika tochi.

Anafungua boneti. Kushoto, karibu na springi,
pana kijisanduku cheusi chenye mfuniko:
matundu sita, kitufe,
taa nyekundu isiyozidi punje ya mtama,
na kijiwaya kama mkia wa panya.
"Tundu la pili la petroli," asema, "la sita la cheche.
Ukikosea tundu utamtibu mgonjwa wa jirani."
Anachomeka. Anageuza ufunguo, hawashi.
Anabonyeza, anahesabu kwa lugha ya mamake,
anaachia.

Taa inakonyeza.
Mbili.

Moja.

Nne.

Daftari lake lina mafuta hadi kurasa za katikati:
*mbili-moja-nne, habari za mzunguko hazifiki,
au zafika na kukatika.*
Hapigi makofi. Ameshaumwa na nyoka.
Mwezi uliopita Sanfrid wa gereji alisema ni koili;
Hjördis akanunua koili.
Sanfrid akasema basi ni kifuniko cha distribyuta;
Hjördis akanunua kifuniko,
na gari likazimika mbele ya magogo yaleyale.
Hakuna aliyeliuliza gari.

Wahenga wametuachia methali mbili zisizosalimiana:
haraka haraka haina baraka,
na ngoja ngoja huumiza matumbo.
Cheche inazitii zote mbili.
Ikitangulia mno, pistoni ingali inapanda,
moto unaigonga utosini,
injini inalia kama kokoto ndani ya kopo.
Ikichelewa, pistoni imeshageuka njia,
nguvu inakwenda zake na ekzosi.
Na ili kompyuta ijue *sasa* ni lini
lazima iwepo sensa, nyuma kabisa, juu ya flaiwili,
ihesabu matundu yanavyopita,
iseme: krenki iko hapa, hapa, hapa.
Sensa ikinyamaza, kompyuta haibahatishi.
Inakata cheche. Inakaa.

Mita inasoma vizuri, kebo ikiwa baridi.
Anaingia ndani, anarudi na mashine ya kukaushia nywele,
anaipulizia kebo kama anayemkausha mtoto,
na namba zinaanza kuruka.
Anapitisha kidole gumba: ganda linamegeka
kama andazi la juzi.
Ndani, nyaya mbili uchi
ambazo zikipata joto hukumbatiana.

"Kroni elfu mbili," asema, kwa injini, si kwangu.

Bolti ni moja tu, ya kumi,
mahali ambapo aliyeibuni hakuwa na mikono.
Mkono wake hauingii.
Ananiangalia wangu, kisha ananipokonya tochi.
Nusu saa nimelala kifudifudi juu ya injini,
pua kwenye harufu ya mafuta yaliyoganda,
yeye akimulika, akikosea kila mara,
nami kwa mara ya kwanza nikielewa
kwa nini alikuwa akinifokea.

Kebo mpya. Kitufe, sekunde tano, akafuta.
Ufunguo, kijiwaya, kitufe tena.
Moja. Moja. Moja:
gari halina la kusema.

Hjördis hakuliamini.
Alingoja mshale wa joto upande hadi katikati,
tukapita kiwanda cha mbao, mikono yake imekaza usukani.
Tukageuza kwenye kituo cha basi, tukapita tena.
Mara ya tatu
akawasha redio.