Fundi wa Friji Chumbani kwa Nyanzobe

Miaka kumi na tisa natengeneza friji pale Kirumba,
sangara wamepita mikononi mwangu wakiwa wakavu kama mbao,
na siri ya kazi hii huwaambia wanafunzi wangu, wakacheka:
baridi haitengenezwi.
Kuna joto tu, na kazi ya fundi ni kulitafutia mlango.

Nyanzobe alinipigia kutoka Bugarika, juu kule
ambako nyumba zimeyakalia mawe kama kuku waatamiao.
"Njoo na bisibisi. Saladi zangu zinaiva zingali hai."
Kiwanja chake chote ni jabali, udongo haujazi kiganja,
ndiyo maana analima stoo.

Futi sita kwa nane. Rafu tatu, trei za miche,
taa nne za zambarau zinazoguna,
kila moja na mgongo wa alumini wenye mapezi kama ya sato.
Nikagusa pezi. Nikanyonya kidole.
Nyuzi arobaini na moja.
Majani yalikuwa yamekunja kingo
kama kiganja kinachoficha noti.

Darini, feni kubwa mpya, ya laki na nusu,
inakoroga joto kama mwiko ndani ya sufuria iliyofunikwa.
"Naipepea usiku na mchana," alisema.
Unaipepea kwa pumzi yake yenyewe, nikamjibu.

Nikatoboa tundu chini, upande wa kivuli,
upana wa bakuli la uji,
na jingine juu, ukuta wa mkabala, karibu na bati,
maana joto ni mgeni mwenye cheo, haliketi chini.
Huko juu nikafunga feni mbili
nilizong'oa kwenye kompyuta ya mhasibu aliyehamia Geita.
Nikashika karatasi ya sigara mbele ya tundu la chini:
ikainama kuelekea ndani, taratibu, kama mtu anayepiga hodi.

Thelathini na sita. Bado.

Nikaegemea ukuta wa nyuma, shati likanigandia.
Ukuta haukuwa ukuta. Lilikuwa jabali lenyewe,
linashinda juani likikopa,
kisha linalipa kidogo kidogo mpaka saa nne usiku.
Jabali hutoboi. Nikakalia ndoo.

"Nyanzobe, saladi inajuaje kama ni mchana?"
Akanitazama kama nimelewa.
"Si kwa taa?"
"Basi uhamishe mchana."

Tangu hapo jua lake huchomoza saa nne usiku
na kuzama saa nne asubuhi.
Ishirini na saba. Majani yakakunjuka.
Mjumbe wa mtaa akaja kuuliza ni dawa gani hiyo ing'aayo usiku.
Akapewa jani, akatafuna, akaomba chumvi.

Halafu wakaja wadudu wa ziwani,
lile wingu linalosimama majini kama moshi wa meli isiyokuwepo.
Waliufuata mwanga, wakauziba wavu wa tundu la chini
kwa unene wa chapati.
Kabla ya alfajiri ilikuwa arobaini tena, trei mbili zimekufa.
Kosa ni langu. Nililitafutia joto mlango,
nikasahau kwamba mlango hufagiliwa.
Siku hizi anaamka saa nane za usiku
anausugua wavu kwa brashi ya viatu,
na asubuhi kuku wa jirani hawadai pumba.

Jana nilipita uchochoroni.
Chini ya tundu la juu Mama Lubango amefunga kamba,
nepi zilizofuliwa magharibi zimekauka kabla ya jua,
jua letu, si lile la Nyanzobe.
Hajauliza pumzi hiyo inatoka wapi.
Alikuwa anazianua, moja moja,
kila moja akiigusisha shavuni kwanza.