Nyumba ya Njiwa, Kisiwani Kome

Nimekuja na futikamba, kalamu sikioni.
Kaka zangu wanataka matofali:
jiko la Minza linasubiri ukuta,
na huu, wanasema, umesimama bure.

Napima. Mzingo, hatua kumi na moja za kiatu changu.
Unene, kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko.
Mlango unanifika kiunoni.
Aliyeujenga alitaka kila aingiaye ainame,
au alichoka kukata miti. Sijui.

Luhende hakuwa na ramani.
Alikuwa na vyungu
vilivyopasuka midomo motoni kwa Nyanzala,
visivyouzika mnadani.
Akavilaza ubavu, chungu, tofali, chungu,
mdomo ndani, kitako nje,
kisha akatoboa vitako:
njiwa aingie kwa nyuma,
mwenye nyumba achukue mayai kwa mbele.

Upande wa ziwa hakuna tundu.
Mvua yetu hutoka huko, na upepo wake hauna adabu.
Chini ya safu ya kwanza, mshipi wa lipu
uliosuguliwa kwa kokoto ukawa kama kigae.
Kenge alipanda hadi hapo, akateleza,
akarudi majabalini na njaa yake.
Mjomba mmoja pia, usiku, akitafuta kitoweo.

Ndani kunanuka samadi kavu.
Samadi hii ililisha nyanya,
nyanya zikalipa ada,
ada ikanifundisha kupima.

Nahesabu kwa nje: matundu tisini na sita.
Nahesabu kwa ndani: vyungu tisini na saba.
Narudia. Tisini na saba.

Kipo juu ya mlango.
Kitako hakikutobolewa. Mdomo mzima, hauna ufa.
Naingiza mkono: hakuna fedha, hakuna hirizi,
ila mistari, duru kwa duru,
iliyochorwa kwa kucha udongo ukiwa mbichi.
Nani hupamba chungu kwa ndani?

Bibi Holo aliendelea kuparua sato.
"Nyanzala na Luhende," akasema,
"miaka minane hawakusalimiana."
Akaosha kisu.
Nikangoja. Akachukua samaki mwingine.

Njiwa wawili wametua kwenye nusu ya paa iliyobaki.
Mmoja anachungulia tundu, anabadili mawazo.
Minza anaita kutoka chini: matofali mangapi?

Nimeandika mzingo, unene, kimo.
Nimeandika pia: *chungu kimoja, kizima.*
Penye matofali sijaandika kitu,
na wino upo.