Macho ya Wavu

Kabla meli ya Nansio haijapiga honi ya saa nane
wifi yangu Nyangeta akasema, twende nikakuoneshe jiji.
Tukaanza na lile jabali la ziwani
linalopigwa picha kuliko bibi harusi,
tukamzunguka samaki wa saruji pale kipilefti,
kisha tukapanda hadi kanisa kuu la zamani.

Mlangoni Sperata, mtunza kanisa,
akanizuia kwa mpini wa ufagio.
"Kiroba kina nini?"
Dagaa, nikasema. Wa Kirumba. Wakavu kabisa.
Akanionesha kona ya nje, chini ya matangazo ya ndoa.
Nikawaacha dagaa wangu wasome majina ya wachumba.

Ndani, ubaridi wa mtungi.
Nyangeta akawa ananong'ona miaka, mawe, mapadre
waliolala chini ya sakafu.
Nilimsikia nusu. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaona.

Dirisha la upande wa ziwa: Petro na wenzake
wanavuta wavu wa kioo.

Mimi nashona nyavu mwaka wa ishirini na sita,
Ukara, Irugwa, Nansio,
kwa sindano ya mti aliyoichonga baba.
Na ule wavu, Mungu anisamehe,
haukufungwa na mtu wa majini.
Fundo limelalia upande usio wake.
Kamba ya juu haina hata boya moja.
Na macho! Sato anapita,
sangara wa kilo mbili anapita
na salamu anakuachia.

Nikacheka. Kicheko kikapanda darini
kikarudi kikubwa kuliko mimi.
Sperata akageuka na ndoo yake.
"Dada, wavu huu utavua nini?"
Akautazama. Akautazama tena.
"Miaka kumi na moja nakipangusa hiki kioo," akasema,
"wavu sijawahi kuuona. Huwa naona vumbi."

Mwaka juzi Bwana Samaki alitukusanyia makokoro ufukweni
akayamwagia petroli.
Macho madogo, alisema, mnakokota hadi vitoto.
Hakukosea.
Lakini kila jicho pale nililifunga mimi,
na moshi wake ulikaa kwenye kitenge changu wiki nzima,
nikifua, upo.

Huu wa kioo angeupitisha. Angeugongea muhuri.

Jua likasogea kidogo.
Wavu ukashuka ukutani, ukatambaa juu ya mabenchi,
ukafika miguuni pangu, buluu na kahawia.
Nyangeta alikuwa ameshatangulia kutoka.
Nikaingia kwenye jicho moja, kandambili zangu na zote.
Nikaenea.

Nje, paka wa misheni alikuwa ameshatoboa kiroba,
tundu la kupitisha dagaa mmoja mmoja.
Nyangeta akavua kiatu amrushie.
Mwache, nikasema.
Honi ile. Twende.
Nitaliziba kwenye meli.