Kopo la Januari

Basi la saa nne limeleta kopo kutoka kijijini.
Dereva alilikumbatia kama mtoto wa watu.
"Baba yako ameniapisha," akasema, "lisilale ubavu."
Mdomo wake umefungwa kwa kipande cha kitambaa
kilichokuwa aproni ya mama.

Ndani, mafuta ya nguruwe, meupe, yameganda,
na juu yake alama ya kijiko
kama unyayo wa mtu mmoja kwenye theluji.

Sikuwa na nafasi ya kupita nyumbani.
Limekaa kwenye jokofu la maabara, hapa Szeged,
rafu moja na chakula cha panya:
vidonge vya buluu, laini, vinavyoacha mng'ao vidoleni,
vimekandwa kwa mafuta yaleyale.
Lóránt amefungua mlango, amecheka:
"Kipi cha panya, kipi chako?"

Ni wiki ya kumi.
Nimempasua panya wa kumi na saba,
nimelaza utumbo wake chini ya hadubini.
Hapa, baba, pangekuwa na ute,
mzito, kama ukungu wa alfajiri juu ya mto Tisza,
unaowatenga wapangaji na ukuta.
Kwa huyu umebaki utandu, umetoboka,
na wapangaji wamesogea hadi wanagusa chokaa.
Wale wala nyuzinyuzi siwaoni.
Wamehama bila kuaga; chakula chao hakikuletwa tena.
Wamebaki wastahimilivu wa nyongo,
maana mafuta yakishuka, nyongo humiminwa,
yakishuka tena, humiminwa tena,
na si kila mdudu anaweza kuogelea katika uchungu.

Haya ninayajua. Ndiyo mshahara wangu.

Ninajua pia, ingawa hukuniambia wewe,
aliniambia Etelka wa ng'ambo ya ua,
kwamba tangu walipokukata kile kifuko vuli iliyopita
kila ukila mkate uliopakwa mafuta
unakimbilia choo cha bustanini, koti begani,
na ukirudi unalaumu hali ya hewa.
Nyongo mkalia ini, husema wahenga.
Wamewatenganisha, baba.
Sasa nyongo haina pa kungojea,
inadondoka mchana na usiku, mlo uwepo usiwepo,
kama bomba la jikoni ulilosema utalitengeneza
mama akiwa hai.

Umepiga simu saa tatu usiku.
"Limefika?"
"Limefika."
"Umeonja?"
Nimenyamaza. Panya wanakwaruza vizimba.
"Ukila nguruwe, chagua aliyenona," umesema,
"na huyu alinona kwelikweli."
Kisha, kama mtu anayetaja bei ya chumvi:
"Mwaka huu nimemchinja peke yangu."

Peke yako.
Kazi ya wanaume wanne na ndoo sita,
ya mama kukoroga sufuria hadi vipande viwe dhahabu,
ya majirani kulamba vidole gizani, kwenye baridi.
Nilikuwa na hotuba mdomoni.
Nilikuwa na michoro, nambari, panya kumi na saba.

Nimekata mkate wa shayiri nyeusi, nimepaka.
Si nene. Nimemwaga juu yake kitunguu kibichi,
nimeweka kando kabichi chachu, rundo zima,
riziki ya wapangaji.
Nimetafuna karibu na simu ili usikie.

"Baba, kula hivi. Nusu kipande.
Na kabichi, kabichi kila siku.
Na umwambie daktari kuhusu choo."
Umenyamaza muda mrefu; nimesikia saa ya ukutani kwako.
Nimekueleza basi habari za panya, kwa ufupi,
kamasi, ukuta, waliohama.

"Hao panya wako," umeuliza,
"mnawapa kitunguu?"

"Hapana."

"Na wanakula na nani?"

Nimeliandika swali lako kwenye daftari,
ukurasa wa kumi na saba, chini ya vipimo,
na doa la mafuta limelizunguka,
karatasi ikawa kioo mahali pale.