Kiatu cha Kushoto

Siku mbili tulichimba Nyamugo kwa sufuria na vipande vya mabati,
kwa koleo tatu za parokia, kwa kucha.
Mvua ya Jumanne ilikuwa imeteremsha kilima
hadi juu ya paa letu,
na tope, uliite usiliite, haliitiki.
Majirani wakasema: Nabintu, baba yako yumo humu.
Nami nikachimba pale nilipokadiria kitanda.

Siku ya tatu akaja Cishugi na mbwa jike
wa rangi ya chai hafifu, masikio yakigusa matope.
Jina lake Shangazi.
"Kwa nini Shangazi?" mtoto akauliza.
"Kwa sababu hakuna chungu asichokifunua."
Tulicheka. Kisha tukaona haya,
maana kwa mama Cibalonza wawili walikuwa bado hawajapatikana.

Mtaani kwetu mbwa ni tusi.
Mimi mwenyewe nimewarushia mawe
wakinusanusa kapu langu la sambaza.
Leo huyu anataka harufu ya baba
na mimi sina. Shuka, koti, mto,
kofia aliyokuwa akilala nayo: vyote chini.
Kumbe harufu ya mtu nayo ina nyumba,
na nyumba ikianguka...

Ndipo Ntabaza fundi viatu akapaza sauti ng'ambo ya mtaro:
"Kuna kimoja kwangu. Cha kushoto.
Nilikizuia. Deni la faranga elfu, tangu Pasaka."
Akakileta kwa mikono miwili,
na deni hakulitaja tena.

Shangazi akatia pua kiatuni,
akakaa humo kitambo, kama asomaye barua ndefu.
Akalipa kisogo shimo letu.

"Anakosea," wakasema. "Mvua imefuta."
"Mvua haifuti," Cishugi akajibu. "Inalaza tu."
Na kamba ikakaza. Akashuka ngazi za mawe,
akakata soko la Kadutu kati ya makala na sombe,
akawapita wauza kasiksi bila salamu,
akasita penye dimbwi la mafuta, akazunguka mara mbili,
akaushika tena uzi tusiouona.
Nilimfuata miguu mitupu, nikihesabu makosa yangu.

Kwa maana kila usiku, miaka minne, nilifunga komeo.
Baba husahau. Husahau jina langu,
husahau kwamba mama tulimzika,
huamka usiku wa manane aende kazini
kwenye kiwanda kilichokwisha kumsahau yeye.
Kila usiku, komeo.
Jumanne tu niliitwa ng'ambo, jirani amepatwa na uchungu;
mtoto akachelewa kuzaliwa,
usingizi ukanikuta huko huko,
na mlango, Mungu wangu,
mlango sikuufunga.

Tulimkuta langoni pa kiwanda cha kwinini,
ameketi juu ya tofali, tope limemkaukia magotini.
Mlinzi kijana alikuwa amemfunika gunia,
akidhani ni mmoja wa wale wasio na kwao.
Shangazi akalala, akaweka kidevu
juu ya kidole gumba cha baba.
Ndivyo anavyosema: huyu hapa.

Baba hakunitambua.
Alimtazama mbwa, akatikisa kichwa:
"Umechelewa. Zamu yetu ilianza saa kumi na mbili."

Cishugi akamnywesha Shangazi maji kwenye kofia yake,
akamrushia mpira wa matambara autafune,
ndio mshahara.
Dakika kumi hivi.
Kisha wakapanda tena Nyamugo
kuwatafuta wale wenye kumbukumbu nzuri,
waliolala kwao usiku ule,
milango imefungwa.