Sifuri, Lango la Mashariki

Alfajiri, Salala. Mvua ya kharifu
ni kama pumzi ya ng'ombe:
hainyeshi, inakulowesha tu.
Naegesha gari kando ya njia ya kurukia, nafungua daftari.
Shakwe thelathini na wawili penye dimbwi,
wote wameukabili upepo.
Rubani naye huutafuta upepo huohuo.
Ugomvi wetu unaanzia hapo.

Kwa Kiarabu ripoti yangu ina maneno mawili.
Kwa Kiswahili cha nyumbani, alichokuja nacho bibi kutoka Wete,
lipo moja.
Ndege huyu. Ndege hii.
Nalipwa kumzuia huyu asiingie ndani ya hii.

Mzinga wa gesi tuliununua kwa bei ya gari.
Siku ya kwanza kunguru walitawanyika hadi baharini.
Siku ya tisa niliwakuta wamekaa juu yake,
mmoja anajichokoa kwapa.
Nikaacha kufukuza, nikaanza kuuliza:
kwa nini hapa, kwa nini saa hii?

Tai wa majira ya baridi, wale wa jalalani,
hawapandi kabla ya saa tatu;
husubiri ardhi ipate joto iwanyanyue bure.
Tukawaomba wa mizigo waruke saa mbili.
Kitwitwi hupenda nyasi fupi aone adui;
tukaziacha zifike gotini, akahama bila kelele.
Korongo ni msafiri. Mpe siku mbili.

Njiwa ndio walionishinda.
Wiki sita, lango la mashariki,
saa kumi na moja na dakika arobaini,
si arobaini na tano.
Ndege hana saa mkononi.
Mwenye saa ni mtu.

Tarehe saba ndege ya mizigo iligeuza, ikarudi,
injini inanuka manyoya yaliyoungua.
Rubani, kijana, aliomba maji
akasahau kuyanywa.
Niliokota kilichobaki kwa kibanio,
nikakitia bahasha, nikaandika namba.

Kesho yake nilijibanza nyuma ya tangi la povu.
Akatoka Bakhit wa zimamoto, dereva wa gari la pili,
viatu mkononi kama mtoto anayetoroka chuoni.
Akamimina mtama.
Akataja jina, na halikuwa la njiwa.

Ghaliya, mkewe, aliwalisha dirishani, Taqah, miaka kumi na mmoja.
Tangu Rajabu dirisha lile limefungwa.
"Siwezi kulifungua," akasema,
"na sadaka yake siwezi kuikata."

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa na michoro, na kifungu cha sheria.
Nikampa bahasha.
Alichungulia ndani muda mrefu.
Kisha akapiga magoti, akaokota mtama punje kwa punje,
hata zilizoingia kwenye ufa wa lami,
nami nikainama upande wa pili,
tukakutana katikati na viganja vimejaa,
hatuna pa kuvimwagia.

Huu mwezi wa pili naandika: njiwa, lango la mashariki, sifuri.
Mkurugenzi aliisifu mkutanoni, mstari umeshuka,
akauliza tulitumia mtambo gani.
Nikajaza: *chanzo cha chakula kimeondolewa*.
Si uongo.
Kimeondolewa kilomita thelathini na kitu,
kikafunguliwa bawaba zilizoshika kutu,
na Bakhit siku hizi huchelewa kazini dakika kumi
ambazo hakuna anayeziandika.

Leo alikuja mmoja.
Alitembea palepale, akageuza shingo,
akalitazama lango.
Niliuliza mnara: anga ni tupu?
Tupu, dakika nne.
Nikampa tatu.
Kisha nikapiga honi.

Akaruka huyu.
Ikatua hii.