Kiungio

Simu haikubisha hodi, ilinizoa usingizini:
"Fundi, maji! Yanaanguka toka darini, kwenye unga!"
Bi Kyomuhendo, mwoka mikate wa Wandegeya,
na nyuma yake kishindo kama ng'ombe akikojolea bati.

Nikamwambia, funga koki kuu.
Akasema, iko wapi?

Swali hilo nimeulizwa Ntinda,
nimeulizwa Kololo na meneja wa benki
aliyesimama pekupeku, soksi mkononi.
Watu wanajua nywila za simu zao.
Maji yao yanafungwa wapi, hawajui.

Saa tisa na dakika ishirini usiku.
Wasswa aliwasha boda kabla sijafunga kamba za viatu.
Spana ikinichoma ubavu, msumeno mapajani,
tukapita Bwaise, mitaro imejaa mpaka shingoni,
tukapanda.

Koki niliikuta chini ya chungu cha maua,
imezungushiwa vigae kama kaburi la tajiri.
Nikavunja viwili. Akaguna.
Nikageuza, na kimya kikaanguka
kizito kuliko maji.

Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki.
Hawakumwona mjukuu wake na dekio,
anayazoa, anayakamua ndooni, anayarudia,
na magunia sita ya ngano yamekuwa uji usioona moto.
"Shule inakuja saa kumi na mbili,
mikate mia mbili," Bi Kyomuhendo alisema.
Hakunilaumu. Aliitazama saa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema pia.
Kazi yangu ni kinyume: nabomoa ukuta niupate ufa.
Patasi, plasta, tofali,
tochi mdomoni, mate yakinichuruzika
kama mtoto anayeota meno,
mpaka bomba likajitokeza, la chuma,
na kiungio kinachotema.

Hapo mkono ukasita.
Katani ilikuwa imezungushwa kinyume,
kushoto, kushoto, kushoto,
na juu yake rangi nyekundu, tabaka mbili.

Okwalinga.

Okwalinga wa Katwe, wa mkono wa kushoto,
aliyenichukua nikiwa na miaka kumi na saba
wenzake wakicheka, msichana na spana!
Akanipa ncha ya bomba. Shika, akasema,
maji hayaulizi nani kayafunga.

Katani hufuata uzi wa bomba.
Ukiizungusha kinyume, kila unapokaza unaifukuza.
Ni yeye aliyenifundisha hilo,
akinipiga vidole kwa penseli.
Labda siku ile alichoka.
Labda mkewe alikuwa tayari wodini Mulago
na mawazo yake yako huko, mikono iko hapa.

"Fundi gani alinifanyia upuuzi huu?
Miaka kumi na tisa tu!"

Nikatoa tochi mdomoni.
"Bomba limezeeka, mama."
Ilikuwa kweli, nusu.
Nusu nyingine niliimeza pamoja na vumbi la plasta.

Nikakata. Nikachonga uzi mpya.
Katani, kulia, kulia, vidole vimekufa ganzi,
nikakaza hadi chuma kikalia mara moja, kikanyamaza.
Fungua, nikamwambia mjukuu. Taratibu.
Tukakikodolea macho sote watatu
kama watu wanaomtazama mgonjwa akijaribu kumeza.

Hata tone.

Saa kumi na moja oveni ikawaka
kwa unga wa kukopa ng'ambo ya barabara.
Nililipwa noti zenye unyevu
na mkate wa moto ndani ya gazeti.

Mfukoni, kipande nilichokikata
kilikuwa kimenilowesha paja,
rangi nyekundu ikibanduka vidoleni.
"Chuma chakavu hicho?" Wasswa aliuliza. "Utauza?"

Nikamwambia, endesha.